Kifuniko cha soketi ya nje

Kifuniko cha soketi ya nje ni kisanduku kinachokinga soketi ya ukutani dhidi ya maji, vumbi na jua. Wilayani Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, maadui hao wote wapo: ukungu na manyunyu ya nyanda za juu za Mbulu, na upande wa Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, vumbi la kiangazi linalopenya hata pale mvua isipofika.

Ubora wake husomwa kwenye herufi IP, za kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ya maji. IP44 huhimili maji yanayoruka, hivyo inafaa barazani chini ya paa. Ukuta ulio wazi unahitaji IP55, au IP66 isiyopitisha vumbi kabisa.

Hapa ni rahisi kupigwa chenga dukani. Vifuniko vingine hukinga vikiwa vimefungwa tu, soketi ikiwa haina plagi. Plagi ya pini 3 bapa inayotumika Tanzania ni nene, na waya wake hutokea chini; kwa pampu inayoshinda imechomekwa, kisanduku kiwe na kina cha kuimeza yote na mwanya wa waya upande wa chini. Mpira wa ukingoni ukishapasuka, namba ya IP imebaki pambo.

Kifuniko hakizuii umeme kuvuja. Swichi ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja, pamoja na waya wa ethi, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.