Kukaanga kahawa nyumbani: kutoka mashine ya bisi mpaka sufuria ya Bunyakiri

Hapa Bunyakiri kahawa iko nyuma ya nyumba. Lakini ukiingia asubuhi kwenye kamgahawa kadogo ka Bulambika na kuomba kawa, wanakuletea maji ya moto na sasheti ya unga uliotoka mbali. Mbegu za kwetu zimekwisha kuondoka ndani ya mifuko, bado ni mbichi. Kuna mkulima ambaye amepalilia kahawa miaka 20 na hajaonja hata kikombe kimoja cha shamba lake. Si juu ya kukosa hamu. Ni juu hakuna aliyemwonyesha namna ya kuikaanga, na wengi wanawaza kwamba lazima kuwe na usine.

Usine si lazima. Anayejua kupika bisi anajua tayari nusu ya kazi.

Hii ya bisi si mfano tu. Kule Marekani watu wengi walijifunza kukaanga kahawa nyumbani kwa kutumia kimashine cha umeme cha kupasulia mahindi. Kimashine hicho kinapuliza hewa ya moto, mbegu zinaruka na kuzunguka ndani, hakuna upande unaobaki chini na kuungua. Miaka ya 1970 injinia mmoja wa kemia, Michael Sivetz, alitengeneza mashine kubwa za kukaanga kahawa kwa njia hiyo ya hewa, na vimashine vya bisi vya nyumbani vilipotoka, kama West Bend Poppery, watu waliona kwamba mdogo anafanya kazi ya mkubwa. Unaweka gramu 80 ao 100, na dakika tano mpaka nane kahawa imeiva.

Kama uko Bukavu na unapata kimashine cha namna hiyo sokoni kati ya vitu vya okazioni, angalia ndani kabla ya kulipa. Kile kinachotoa hewa kwenye matundu ya pembeni kinafaa. Kile chenye wavu chini kabisa kiache, kwa sababu kahawa inatoa maganda mepesi sana, yanaanguka juu ya waya wa moto na kuwaka. Jua pia kwamba kiliundwa kufanya kazi dakika mbili ao tatu za mahindi, kwa hiyo kiache kipoe kati ya mara moja na nyingine, la sivyo plastiki inayeyuka.

Lakini hapa kwetu tuseme ukweli. Kimashine hicho kinakula wati 1,000 mpaka 1,500. Pano ya jua iliyo juu ya paa la nyumba nyingi za Bunyakiri ni ya taa na telefone, haiwezi hata kukiamsha. Kwa hiyo tuchukue ile akili ya kimashine, yaani moto wa kutosha na mbegu zisizosimama, tuipeleke kwenye mbabula.

Kazi inaanza kabla ya moto. Kahawa ya kukaanga iwe imekauka vizuri. Fundi wanasema maji yabaki kati ya 10 na 12 kwa mia. Wewe bila mashine ya kupima, iume na jino: kama jino linaacha alama, rudisha juani. Msimu wa mvua hii ndiyo shida ya kwanza ya huku kwetu, na kahawa iliyokaa na unyevu ndani ya mfuko inanuka ukungu. Hakuna moto utakaoitoa ile harufu. Kisha parche inapigwa mu kinu, polepole, maana tunataka kutoa ganda na si kufanya bunga. Unapepeta kwa lungo mpaka zibaki mbegu za kijani tu.

Halafu keti chini na uchague. Hapa usiwe na haraka. Toa nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi ina ugonjwa wake unaojulikana na wanunuzi wa ulimwengu mzima: harufu ya kiazi kibichi, ile ya birayi unayotoka kumenya. Inaambatana na mdudu anayeitwa antestia, ambaye anatoboa tunda likiwa bado mtini. Mbegu moja tu inaweza kuharibu kikombe kizima, na mara nyingi haionekani kwa macho mpaka umeisaga. Kwenye mashindano ya kuonja kahawa kama Saveur du Kivu, hiyo ndiyo harufu ambayo waonjaji wanaiogopa. Kuchagua kwa mkono, na kabla ya hapo kutupa matunda yanayoelea juu ya maji siku ya kuvuna, kunapunguza hatari. Hakuiondoi yote.

Sasa moto. Washa makala mapema, yawe mekundu bila ndimi za moto. Tumia sufuria nzito ao chungu cha udongo. Ile sufuria nyepesi ya alumini inaunguza chini. Usiweke mafuta. Wamama wengi wanaweka kijiko cha mafuta kwa mazoea ya bisi, na kahawa inaharibika upesi. Weka glasi mbili tu za mbegu, zisipite vidole viwili vya urefu ndani ya sufuria. Kisha koroga na mwiko, na usiache. Usijibu telefone. Mimi mara ya kwanza nilitoka nje kusalimia mgeni, dakika moja haikuisha, nikarudi nikakuta upande mmoja mweusi kama makala yenyewe na upande mwingine bado kijani. Tulikunywa hivyo hivyo, lakini hakuna aliyeomba cha pili.

Dakika za kwanza mbegu zinakuwa njano na zinanuka kama majani makavu. Watu wengi wanakata tamaa hapo. Vumilia. Inakuja harufu ya mkate, rangi inakuwa kahawia, moshi kidogo unapanda, maganda mepesi yanaanza kuruka. Halafu unasikia mlio: tak, tak, tak. Ni jamaa ya ule mlio wa bisi. Punje ya hindi inapasuka karibu na digri 180, maji ya ndani yakiwa mvuke. Kahawa inangoja mpaka karibu na 200, mvuke na gazi vinaisukuma, mbegu inavimba na kupasuka katikati. Kwenye sufuria, mlio huo unafika kati ya dakika ya 8 na ya 12. Ukifika dakika ya tano, moto wako ni mkali sana: nje imeungua, ndani ni mbichi. Ukipita dakika 20 bila mlio, moto ni mdogo na kahawa itakuwa bila ladha, kama kitu kilichochemshwa.

Mlio wa kwanza ukiisha, kahawa inanyweka tayari. Arabika ya milimani ukiitoa hapo, inakuwa na uchachu mtamu kidogo. Mimi naongeza dakika moja ao mbili, maana wazee wetu hawapendi uchachu. Ukiendelea, karibu na digri 225 unakuja mlio wa pili, mwepesi na wa haraka, kama nyasi kavu zinazoungua. Mafuta yanatoka juu ya mbegu. Kuelekea Hombo ambako nchi inashuka na joto linaongezeka, robusta ndiyo inayopenda, na robusta inavumilia kufika mpaka hapo. Kupita hapo ni majivu.

Usingoje rangi unayotaka ndipo uipue. Mbegu zina moto ndani, zinaendelea kuiva peke yao. Ipua kabla kidogo, mwaga kwenye lungo, peta nje kwenye upepo: unapoza na kutoa maganda kwa mara moja. Dakika nne zikiisha uweze kuzishika kwa mkono.

Kukaanga ufanye nje, ao chini ya kibanda kilicho wazi. Moshi wa mwisho ni mwingi, na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inatoa gazi isiyo na harufu ambayo inaua watu waliolala. Watoto wakae mbali na yale maganda, yanashika moto upesi kama karatasi. Mbegu zikiwaka ndani ya sufuria, funika na kifuniko. Usimwage maji.

Usisage siku hiyo hiyo. Mbegu mpya inatoa gazi, acha ilale usiku mmoja ndani ya chombo kisichofungwa sana. Kisha piga mu kinu, chekecha, chemsha. Kinu kiwe kile ambacho hakipigi sombe na vitunguu. Kahawa inachukua harufu yote inayoikuta.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kuna pesa. Kilo 1 ya kahawa iliyokaangwa inaomba karibu kilo 1.2 ya mbegu za kijani, juu moto unaondoa maji. Na hizo kilo 1.2 zinaomba karibu kilo 1.5 ya parche. Kwa hiyo chukua bei ambayo mnunuzi anakulipa kwa kilo ya parche, izidishe mara moja na nusu, ongeza makala na kazi ya siku. Linganisha na bei ya sasheti ndani ya duka, kwa uzito ule ule. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, na mizani yako, si ya mnunuzi. Njia ya Bukavu inayopita mbuga ya Kahuzi-Biega ikifungwa na vita ao matope, parche inakaa na bei inaanguka. Kahawa iliyokaangwa inaweza kuuzwa hapa hapa sokoni, glasi kwa glasi. Koperative za kando ya ziwa kama Muungano ya Kalehe na SOPACDI ya Minova zimechukua njia nyingine, ya kuosha vizuri na kuuza nje. Njia hizo mbili hazigombani. Ile nzuri kabisa iende nje, lakini si lazima yote.

Jirani zetu hawakungoja. Ethiopia, ambako arabika ilitoka, mama anakaanga mbegu mbele ya wageni juu ya makala kabla ya kuzitwanga. Na robusta, mwanzo wa karne ya 20 miche yake ilitoka hapa Kongo, ikapitia Brussels, ikafika Java.

Kwa atakayeanza wiki hii: kaanga kidogo, kinachotosha siku kumi. Iliyokaangwa na bado haijasagwa inalinda ladha wiki mbili mpaka tatu ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jua. Ikisagwa, siku chache tu. Ile mbichi iliyokauka vizuri inangoja miezi mingi, basi iache hivyo mpaka siku unaihitaji.