Nyumba zenye kusema: picha za ukuta ku Bukama

Tukitaja wachoraji wa Katanga, wengi wetu tunafikiri mara moja wale wa Lubumbashi. Lakini mbele ya turubai kulikuwa ukuta, na ukuta ule ulikuwa wa udongo.

Bukama iko kando ya Lualaba. Reli ya kutoka Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ilifika pale mwaka 1918. Mwaka 1926, Mubelgiji wa serikali ya koloni, Georges Thiry, aliona pale nyumba zilizochorwa picha inje. Mufundi alikuwa Albert Lubaki, muchongaji wa pembe za tembo. Thiry alimupa makaratasi na rangi za maji, akaanza kuchora tena: wanyama, watu, mambo ya hadisi. Bibi yake Antoinette naye alichora. Kule Kasai, Thiry alipata mufundi mwengine, Djilatendo, mushonaji wa nguo. Mwaka 1929 picha zilionyeshwa Brussels, ku Palais des Beaux-Arts, na mwaka 1930 Geneva. Halafu, katika miaka ile ya 1930, habari za wafundi hawa zikakatika.

Tuangalie vizuri kilichobaki. Makaratasi yalibaki Ulaya. Mwaka 2015 watu waliyaona tena Paris, ku Fondation Cartier. Nyumba zenyewe hazikubaki hata moja. Thiry aliokoa picha, lakini hakuokoa ukuta.

Mutu atasema: ni mvua. Hapana. Nyumba ya udongo haikujengwa ili idumu miaka mia. Mvua ikifuta, mwenye nyumba anapaka tena pemba, makala na udongo mwekundu, na pengine anabadilisha picha kabisa. Desturi ilikuwa katika kurudilia, haikuwa katika kulinda. Kwa hiyo mvua peke yake haiwezi kuua desturi hii. Inakufa siku mukono unaacha kurudilia.

Na mukono unaacha kwa sababu gani? Kuanzia mwaka 1928 hivi, Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae miaka mingi pamoja na bibi na watoto. Ikawajengea kamponi za matofali: mistari imenyooka, nyumba zote sura moja. Tuseme kweli: nyumba zile zilikuwa na nguvu, na watu wengi walizifurahia. Lakini ukuta ulikuwa wa kampani. Ukimaliza kazi, unatoka. Nani atachora chui ku ukuta usio wake?

Picha hazikukufa zote, zilihama. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua mu Elisabethville nyumba ya wachoraji, "Le Hangar", na Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga wakatokea pale. Mu miaka ya 1970, ndani ya salon za Lubumbashi na Kolwezi, watu walitundika picha walizoita ukumbusho. Ni vizuri. Lakini picha ya salon inaonwa na mugeni aliyekaribishwa. Picha ya ukuta wa inje inaonwa na kila mupita njia, hata mutoto anayetumwa maji.

Siku hizi tena nyumba zinavunjwa. Mwaka 2017, mu Kasulo, Kolwezi, watu walihamishwa kwa sababu ya cobalt iliyo chini ya udongo wao. Mutu akihamishwa wanahesabu vyumba, mabati, na miti ya maembe. Maua aliyochora mama kando ya mulango, nani anayahesabu?

Hatukatazi maendeleo, sisi wote tunataka nyumba isiyovuja. Tunaomba kitu kidogo tu. Mbele ya kuvunja, piga foto ya ukuta. Andika jina la aliyeuchora, rangi alizitoa wapi, na picha inasema nini. Na ku nyumba mpya, umuachie ukuta mumoja. Kama sivyo, wajukuu wetu watapanda ndege kwenda kuona Ulaya kilichokuwa ku mulango wa babu yao.