Bao Ng'ambo ya Busisi

Kila boksi la mchezo wa mezani linalouzwa Ulaya au Marekani huandikwa idadi ya wachezaji: wawili hadi wanne, watatu hadi sita, na kuendelea. Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995 na kununuliwa kwa mamilioni, uliandikwa kuwa wa watu watatu au wanne. Mnunuzi huhesabu watu wa nyumbani kwake, husoma namba, kisha huchagua. Ni njia yenye mantiki, ila historia ya michezo upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Sengerema, inatutaka tuulize swali jingine. Watu wa huko walishikilia mchezo ambao kwa hesabu ya boksi ni wa wawili tu, nao wakautumia kukusanya ukoo, kijiji na kambi ya wavuvi. Hoja yangu ni kwamba mchezo upimwe kwa idadi ya watu ambao utaratibu wake unawapa nafasi, na waliokalia ubao ni sehemu tu ya idadi hiyo. Anayechagua mchezo kwa kuwahesabu hao peke yao anaacha nje zaidi ya nusu ya jambo lenyewe.

Tuanze na mchezo. Wasukuma wanauita isolo. Pwani ni bao. Rwanda ni igisoro. Buganda ni omweso. Ukilizunguka Ziwa Victoria, karibu kila jamii ina mchezo wa kusambaza kete mashimoni, na mingi ya michezo hiyo ni ya safu nne, isipokuwa Wajaluo upande wa mashariki ambao ajua yao ina safu mbili. Safu nne ni alama ya mashariki na kusini mwa Afrika. Afrika Magharibi hucheza kwa safu mbili. Katika bao la Kiswahili mashimo ni 32 na kete ni 64, nusu kwa nusu. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi ambazo huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha ndipo mtaji unapoanza, na hapo mwendo mmoja unaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala, yaani kete ya mwisho kuangukia shimo tupu. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, aliyewasilisha tasnifu yake juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, alishughulika na swali hili: akili ya binadamu inawezaje kufuatilia mizunguko ya namna hiyo bila kugusa kete?

Swali hilo ndilo linalomweka mtazamaji ndani ya mchezo. Katika mchezo wa karata, anayesimama nyuma ya mchezaji anaona mkono mmoja, na akisema neno ameharibu. Katika bao kila kete iko wazi. Mtu wa tatu aliyesimama pembeni ana habari zilezile alizonazo mchezaji, anaweza kupiga hesabu ileile, na kete zinapolala anajua papo hapo kama hesabu yake ilikuwa sawa. Ndiyo maana pale penye bao pana ubishi: mmoja anasema angetakata, yaani angecheza bila kula, mwingine anasema angelinda nyumba yake. Ubao ni wa wawili, fumbo ni la wote waliofika. Sifa hii haimo kwenye namba ya boksi lolote, nami naona ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwafae watu wanaokutana wakiwa wengi na kwa idadi isiyotabirika.

Wasukuma walikuwa na mfano mwingine wa muundo huu, mkubwa na maarufu zaidi. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, vinavyohusishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno kwa kucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi huenda kwa upande uliovuta umati mkubwa zaidi. Hapo watazamaji ndio waamuzi, na miguu yao ndiyo kura. Hadi leo mashindano ya ngoma ya tamasha la Bulabo hufanyika Bujora, karibu na Kisesa, penye jumba la makumbusho la Wasukuma. Sidai kwamba isolo ilizaliwa na ngoma, wala ngoma na isolo. Ninachoona ni watu waliokwisha kuzoea shindano la pande mbili lenye umati unaohusika, hivyo mchezo wa wawili haukuwa mdogo machoni pao.

Watu hao walivuka maji. Nchi ya Sengerema ni sehemu ya Uzinza, na wenyeji wake ni Wazinza. Wasukuma walianza kuhamia kwa wingi kuelekea Geita hasa kuanzia miaka ya 1940, walipotafuta ardhi ya pamba na malisho, na serikali ya kikoloni ikawahimiza kupitia mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Miji yao ilitawanyika, kila kaya katikati ya mashamba yake. Kwa makazi ya namna hiyo kundi la mchezo ni ukoo na majirani wachache, na muda wake ni kiangazi, pamba ikishavunwa na jembe likipumzika. Mashimo yaliyochimbwa ardhini na mbegu za mti wowote mgumu yalitosha. Halafu mwaka 1974 Operesheni Vijiji ya serikali ikafika Mkoa wa Mwanza, kaya zikakusanywa kando ya barabara, na mwaka uliofuata Sengerema ikawa wilaya, ikimegwa kutoka Geita. Mengi yameandikwa juu ya machungu ya operesheni ile, na ni haki yaandikwe. Kwa mada yetu, matokeo yake ni kwamba watu ambao jioni waliketi watano sasa waliweza kuketi ishirini, kwenye duka, ofisi ya kijiji au ghala la ushirika.

Mchezo wenyewe haukuhitaji kubadilishwa ili uwafae ishirini. Kilichohitajika ni kanuni moja inayojulikana kwenye vijiwe vya nchi nzima: aliyefungwa anainuka. Mshindi anabaki, mwingine anaketi, na foleni inasogea. Kwa kanuni hiyo ubao mmoja unawahudumia watu kumi jioni moja, na anayesubiri ana kazi ya kumsoma mtu atakayepambana naye. Drafti ilipoenea ilikuta utaratibu huo ukiwa tayari, ikakaa juu yake. Kete zake zikawa vizibo vya soda, upande mmoja ukivilaza kifudifudi na mwingine chali. Kizibo hicho cha chuma kilisajiliwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, mwaka 1892, na sidhani kama aliwahi kuota kwamba kingekuwa kete ya drafti kwenye mialo ya Ziwa Victoria.

Mialoni, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo inaipa hoja yangu nguvu. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku kwa taa, na taa haivuti dagaa vizuri mwezi ukiwa unang'aa. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una sehemu mbili: giza, ambapo kazi haina mapumziko, na mbalamwezi, ambapo mitumbwi hupumzika. Visiwani Kome na Maisome, na kwenye mialo ya bara, kambi hujaa watu walioacha familia mbali, hasa tangu biashara ya sangara iliposhika kasi miaka ya 1980. Watu wa mtumbwi mmoja ni wachache na wanajuana. Kundi la wanne la aina hiyo karata zinalifaa kuliko ubao, maana hakuna umati wa kuuzunguka, na kila mtu anataka mkono wake mwenyewe. Karata zililetwa pwani na Wareno, na kopa na uru bado zinabeba majina yao. Lakini tazama michezo ya watu wanne inayopendwa Afrika Mashariki, iwe karata za kushirikiana au dhumna za Zanzibar: mara nyingi wanne hao hukaa wawili kwa wawili. Pande ni mbili tena.

Wapo watakaosema nimeipamba hali ya umaskini: watu walicheza mashimoni kwa sababu hawakuwa na pesa za kitu kingine. Bei rahisi ilisaidia, sikatai. Ila ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hilohilo, omweso ulichezwa katika baraza za Kabaka, mfalme wa Buganda, na wakuu wake, watu ambao wangeweza kuagiza burudani yoyote. Mwalimu Nyerere naye, mzaliwa wa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa, alijulikana kwa kupenda bao hata alipokuwa Rais. Mchezo unaochezwa na mkulima na mtawala kwa kanuni zinazofanana haukuchaguliwa kwa bei.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nakubali sehemu yake kubwa. Umati ninaousifu ni wa wanaume. Chini ya mti, dukani, mwaloni, foleni ya wanaosubiri zamu kwa kawaida haina mama wala binti, na kanuni ya aliyefungwa anainuka haimfikii mtu ambaye hakukaribishwa kuketi. Hii ni kasoro ya desturi. Ubao hauna kosa, kwa sababu mashimo yaliyochimbwa uani humpokea yeyote. Dawa ni kuurudisha mchezo nyumbani, mahali ambapo bao la kujifunza, lenye kete mbili kila shimo na lisilo na kete za mkononi, linamwezesha mtoto kucheza na bibi yake tangu siku ya kwanza.

La tatu ni lawama ya uvivu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwafanya waliokaa bila kazi kuwa wakosaji, na kijiwe cha bao hakikuwa mahali salama pa kuonekana saa nne asubuhi. Saa za kazi ni saa za kazi; hapo sina ubishi. Ila desturi ya ziwa ilikuwa na kalenda yake, kiangazi kwa mkulima na mbalamwezi kwa mvuvi, na mtu aliyecheza ndani ya kalenda hiyo hakuiba muda wa mtu.

Leo daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa takriban kilomita tatu, limefunguliwa tangu tarehe 19 Juni 2025. Safari iliyotegemea kivuko na kukingoja sasa ni ya dakika chache, na maboksi ya maduka ya Mwanza yatafika Sengerema kwa urahisi kuliko wakati wowote. Yaje. Familia ya wanne inunue ludo au dhumna, na vijana sita wacheze lasti kadi, kwa kuwa mchezo wa kila mtu na mkono wake una raha yake. Ila mwenye nyumba ya wageni wasiohesabika, au mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini, asidanganywe na namba: anunue ubao wa bao, aweke kanuni ya kuinuka, na awaruhusu wanaosubiri wabishane. Na wazee wa Kizinza na Kisukuma wanaojua isolo kama ilivyochezwa kabla ya vijiji kukusanywa wanapaswa kufuatwa sasa na walimu na wanafunzi wa historia, kanuni zao ziandikwe shimo kwa shimo, wakiwa bado wanaweza kukaa ubaoni na kuzionyesha.