Utengamao: Kazi Inayobaki Baada ya Kiharusi

Wizara ya Afya ya Tanzania inapotaja huduma zake huzipanga kwa mfuatano uliozoeleka: kinga, tiba, utengamao, tiba shufaa. Kinga na tiba hazihitaji maelezo. Tiba shufaa imeanza kueleweka, hasa kwa familia zilizouguza saratani. Utengamao ndio unaopita masikioni mwa watu bila kuacha kitu. Mwambie mzee wa Machame, mlimani Kilimanjaro, aliyeruhusiwa kutoka wodini, mkono wa kulia hauinuki, kwamba sasa anahitaji utengamao. Atakuuliza kama ni dawa ya kumeza au ya kuchua. Ana haki ya kuuliza, maana neno hili limeishi zaidi kwenye hotuba za bajeti kuliko kitandani kwa mgonjwa.

Hata hivyo mzizi wake si mgeni kwa yeyote. Kitenzi ni kutengemaa, na wapo wanaotamka kutengamaa. Uchumi hutengemaa baada ya mtikisiko. Mgonjwa aliyekuwa mahututi jana, leo ukiulizia habari zake utaambiwa hali yake imetengemaa. Anayejibu hivyo hadai kwamba mgonjwa amepona. Anasema hali haiyumbi tena, na maisha yanaweza kuendelea kutoka hapo yalipofikia. Kwa kufuata kitenzi kinachosikika zaidi tungeandika utengemao, na wapo wanaoandika hivyo, lakini nyaraka za Wizara zimezoea utengamao na sioni faida ya kugombania irabu moja. La kuangalia zaidi ni lisichanganywe na mtangamano, lile la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo limetoka kwenye kutangamana na halina uhusiano na hospitali.

Kabla yake maandishi yetu yalitumia ukarabati na urekebishaji. Ukarabati tunaujua: paa, barabara, choo cha shule. Fundi anakuja, anafanya kazi, anaondoka, na jengo halikuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri. Urekebishaji nao umeshikwa na magereza na vituo vya waathirika wa dawa za kulevya, kwa hiyo unabeba harufu ya kosa. Utengamao umevishinda vyote viwili kwa sababu ya sarufi. Kutengemaa hakuna yambwa: mtu hamtengemai mwenzake. Daktari anaweza kumtibu mgonjwa, muuguzi akamuuguza, ndugu akamchua. Anayetengemaa ni mgonjwa mwenyewe. Na hivyo ndivyo ubongo unavyofanya kazi baada ya kiharusi.

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu unaolisha sehemu ya ubongo unapoziba, au unapopasuka na damu kumwagikia humo humo. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT kuthibitisha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa mtu aliyeanguka alfajiri kihambani, yaani shambani kwake nyumbani, mbali na barabara ya lami, saa hizo zinaweza kwisha kabla gari halijapatikana. Kwa hiyo kwa wagonjwa wetu wengi uzito wa matibabu unahamia kwenye kinachofuata.

Mitaani tunasema amepooza tukimaanisha amepata kiharusi. Kupooza ni dalili, tena si kila mgonjwa anayo. Yupo anayepoteza kauli peke yake, yupo anayeyumba, yupo asiyeona upande mmoja. Anayeamini kwamba ugonjwa uko mkononi ataukanda mkono kwa mafuta miezi mitatu na presha asiipime hata mara moja. Neno mshipa nalo halitusaidii, kwa kuwa kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na hata ngiri huitwa mshipa. Daktari akisema mshipa umeziba kichwani, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba kuna kitu kimekaza shingoni kinachohitaji kunyooshwa.

Kinachoupa mji wa Moshi na mteremko wa Kilimanjaro nafasi ya pekee katika habari hii ni kwamba hapa wagonjwa walihesabiwa. Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na takwimu nyingi za hospitali na chache za vijijini. Kuanzia 1992 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, iliendesha mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima katika wilaya ya Hai hapa mlimani, Morogoro Vijijini na sehemu za Dar es Salaam. Watu wengi walifia nyumbani, kwa hiyo wahojaji walikwenda kwa wafiwa na kuwauliza marehemu aliumwaje, kisha madaktari wakasoma majibu na kukisia chanzo. Katika miaka mitatu ya mwanzo vilikusanywa vifo 7,629 vya watu wa miaka 15 na zaidi, na 421 kati ya hivyo vilitokana na kiharusi. Ripoti yake ilitoka 2000 katika jarida la The Lancet, ikiongozwa na Richard Walker, na ilionyesha kwamba ukilinganisha watu wa umri mmoja, kiharusi kilikuwa kikiua zaidi huku kuliko Uingereza. Dhana kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya ilipaswa kufa siku hiyo.

Lakini kwa mada yetu hesabu iliyo muhimu ni ya Agosti 1994. Katika sensa ya nyumba kwa nyumba huko Hai, kwa watu 148,135, yaliongezwa maswali ya kuwatafuta walioachwa na ulemavu wa kiharusi. Waliotajwa walifuatwa na kupimwa. Walipatikana 108, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 70. Waliotafutwa ni wale waliopooza upande mmoja, jambo linaloeleweka, kwa sababu ndicho kitu ambacho jirani anakiona na kukitaja. Wale 108 ndio watu wa utengamao, ingawa wakati huo hakuna aliyewaita hivyo. Hawakuwa tena wagonjwa wa wodini, na hawakuwa wamepona.

Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti, safari hii wakiwa na wenzao wa Moshi na Dar es Salaam, walihesabu viharusi vipya tu. Walipata 636: Hai 183 na Dar es Salaam 453. Tofauti za umri zilipoondolewa, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 315.9. Mjini ni karibu mara tatu ya mlimani. Baadaye wagonjwa 200 walilinganishwa na watu 398 wasio na kiharusi ili kuona walichotofautiana. Presha ilijitokeza, pamoja na sigara, kisukari, historia ya ugonjwa wa moyo na, jambo ambalo wengi hawalitegemei, maambukizi ya VVU. Wataalamu huviita vitu hivi vihatarishi, neno zuri linalostahili makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba kihatarishi hakikomi kiharusi kinapotokea. Mtu aliyepooza bado ana presha yake ileile, na kiharusi cha pili kinaweza kufuta chote alichokipata tangu cha kwanza.

Utafiti mmoja wa mwaka 2008, ulioongozwa na Gerry Mshana, uliuliza watu wa sehemu hizo mbili kiharusi kinatoka wapi. Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Ni rahisi kuwacheka wa pwani, ila kitu kinachomwangusha mtu mzima ghafla akiwa anaongea kinaalika swali la nani kafanya, wala si la kipi kimefanya. Kwangu mimi lililo zito ni jingine: njia za matibabu haziamuliwi na imani tu. Umbali huhusika, nafasi ya mgonjwa katika familia huhusika, na mawasiliano mabovu kati ya wahudumu na wagonjwa huhusika. Mtu anayetoka hospitali bila kuelezwa kinachofuata atakitafuta kwingine, awe na imani ya majini au asiwe nayo.

Kinachofuata ni hiki. Seli zilizokufa hazifufuki. Kinachotokea ni kwamba sehemu za jirani, na wakati mwingine za upande wa pili wa ubongo, huanza kubeba kazi iliyokosa mwenyewe. Mfano wake uko hapahapa mlimani, katika mifongo, ile mifereji ya Wachaga. Mfongo mkubwa ukibomoka, maji yanaweza kufika kihambani kwa kijifereji cha pembeni kilichokuwa hakitumiki, mradi watu wakichimbe na kukizibua kila siku. Wakiacha, hujaa majani.

Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo hili kwa kima wadogo waliopewa kiharusi kidogo katika sehemu ya ubongo inayoongoza mkono. Waliofanyishwa mazoezi ya kuchukua vyakula vidogo kwa mkono uliodhoofika waliihifadhi sehemu ya ubongo iliyobaki ya mkono huo. Wasiofanyishwa waliendelea kuipoteza, ingawa yenyewe haikuguswa na kiharusi. Edward Taub, naye wa Marekani, alikuwa ameona kwamba kiumbe hujifunza kutoutumia mkono mbovu kwa sababu ule mzima unamtosha, akabuni tiba ya kuufunga mkono mzima ili mbovu ulazimike kufanya kazi. Majaribio makubwa ya tiba hiyo, yaliyotolewa 2006 na kuhusisha wagonjwa 222 waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi, yalionyesha kwamba wiki mbili za kazi hiyo zililipa, na faida ilikuwepo bado mwaka mmoja baadaye. Wenye kusema baada ya miezi mitatu hakuna tena cha kufanya wamekosea. Ni kweli kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini mlango haufungwi hapo.

Uwezo huu wa ubongo wengine wameupendekezea neno unyumbufu. Silipendi. Kinachonyumbuka hurudi kilivyokuwa, na ubongo uliopata kiharusi haurudi ulivyokuwa. Unajipanga upya. Tuseme hivyo tu, ubongo hujipanga upya, mpaka apatikane mwenye neno bora.

Wala bidii haina maana ya papara. Utafiti uliotoka 2015, wenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uligundua kwamba kumwinua mgonjwa na kumfanyisha mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kutengemaa vizuri, ukilinganisha na kwenda taratibu. Ndugu wenye haraka ya kumwona baba anatembea kesho yake walijue hili.

Moshi haina upungufu wa historia katika fani hii. Hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa 1971, na katika eneo lake kuna chuo cha mazoezi tiba na chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 hufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia mguu unaoburuta. Tatizo ni mteremko wenyewe. Mtu asiyeweza kusimama hawezi kushuka mara tatu kwa wiki kutoka Machame juu au Kibosho mpaka mjini, kwa njia zinazoteleza wakati wa masika na kwa nauli ya bodaboda inayolipwa na binti anayeuza ndizi. Mazoezi yakiwa ni ya hospitali tu, yatakoma baada ya miadi ya pili.

Kwa hiyo utengamao wa mlimani utafanyikia nyumbani au hautafanyika. Mhudumu wake ni mke, mkwe au mjukuu aliyerudi kutoka shule, na anaweza kufundishwa. Mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, bega linaweza kutoka mahali pake. Alishwe akiwa ameketi wima, polepole, kwa sababu koo nalo linaweza kuwa limedhoofika na chakula kikaingia mapafuni. Avae shati akianza na mkono mbovu. Kikombe kiwekwe mahali ambapo mkono ule utajaribu kukifikia, na ajaribu kweli, mara nyingi kila siku, hata akimwaga. Aliyepoteza kauli azungumzishwe kama mtu mzima, kwa sentensi fupi, apewe muda wa kujibu. Wengi wao wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kusema. Na dawa za presha ziendelee siku zote, hata akijisikia vizuri. Utafiti wa Hai uliotolewa 2013 ulikuta presha kwa asilimia 69.9 ya watu wa miaka 70 na zaidi, kwa hiyo mume au mke anayemuuguza naye apimwe siku hiyohiyo.

Wanaoandika vipeperushi vya afya waliandike neno hili pamoja na kitenzi chake, ili msomaji aone kwamba kutengemaa anakokujua ndiko kunakozungumzwa. Nawe mwenye mgonjwa, siku ya kuruhusiwa usiondoke na bahasha ya dawa peke yake. Muulize daktari: utengamao wa mgonjwa huyu unaanza lini, unaanza na zoezi gani, na nani atakayemfuatilia tukishafika nyumbani?