Treni Isiyo na wa Kuulizwa

Treni kubwa ikikwama, nchi nzima husikia: magazeti huandika, wabunge hupaza sauti, waziri huita waandishi wa habari. Treni ya mkoani ikifutwa, ile inayowapeleka watu kazini alfajiri na kuwarudisha jioni, msiba huo huwa wa stesheni chache. Wafiwa wake ni wachuuzi, wanafunzi, wauguzi wa zamu na wazee wanaokwenda kliniki, watu wasio na nafasi ya kuzunguka ofisi kudai majibu. Ndiyo maana uwajibikaji wa serikali hupimwa vizuri zaidi kwa treni hizi ndogo kuliko kwa sherehe za kuzindua njia mpya.

Kila nchi ina mapokeo yake ya kujibu. Uingereza humsimamisha waziri mbele ya Bunge. Uswisi hutumia mkataba na kura. Japani hukutanisha kampuni ya reli na serikali za mitaa katika baraza. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea agizo la kiongozi, na baadaye mkaguzi wa hesabu na hakimu. Nikiyaweka mapokeo haya bega kwa bega, naona kwamba treni ya mkoani hupata mwenyewe pale tu ambapo mamlaka ya kuiagiza, fedha ya kuilipia na wajibu wa kuijibia vimekaa pamoja, karibu na abiria. Vikitenganishwa, hata nchi tajiri hushindwa.

Waziri mbele ya Bunge

Mapokeo ya Uingereza yana nguvu yake. Waziri ana jina na uso, na Bunge lina haki ya kumuuliza. Kasoro yake ilionekana Machi 1963, Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli, alipotoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na takriban kilomita 8,000 za njia. Kulikuwa na kamati za watumiaji wa usafiri zilizosikiliza malalamiko, lakini sheria ilizipimia la kusema. Ziliweza kueleza taabu ambayo abiria wangeipata, hazikuruhusiwa kuhoji hesabu zilizotumika kuihukumu njia. Mwananchi aliitwa kulia, hakuitwa kuhesabu. Chama cha Labour kiliingia uchaguzi wa 1964 kikiahidi kusimamisha ufungaji mkubwa. Kilipopata madaraka, njia nyingi ziliendelea kufungwa.

Hatua ya maana ilikuja na Sheria ya Usafiri ya 1968, iliyoandaliwa na Waziri Barbara Castle. Serikali ilikubali kutoa ruzuku kwa njia maalumu zisizojilipa lakini zenye manufaa kwa jamii. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Hasara iliyofichwa ndani ya vitabu vya shirika haina wa kuulizwa. Serikali ikitamka kwamba inainunua huduma hii, kwa kiasi hiki, kwa sababu hii, tayari imejiweka mahali pa kuhojiwa.

Hata hivyo uamuzi ulibaki London, na abiria wa mbali walilazimika kupiga kelele ili wasikike huko. Njia ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, iliponea chupuchupu mwaka 1989 baada ya miaka ya kampeni na pingamizi zaidi ya 22,000. Ni ushindi wa kupigiwa mfano. Lakini mfumo unaodai maelfu ya barua ili njia moja iokolewe unazinusuru njia zenye watetezi hodari, na kuziacha zife zile za watu wanyonge.

Baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990 hata uso wa waziri ulififia. Mei 2018 ratiba mpya ilipoanza, mamia ya treni yalifutwa kila siku kaskazini mwa England na pia katika njia zinazopita London. Northern, kampuni ya treni za kaskazini, ilisema reli haikuwa tayari, kwa kuwa kazi ya kuweka umeme upande wa Bolton ilichelewa. Mwenye reli alikuwa shirika jingine. Wizara ndiyo iliyotoa mikataba, lakini Waziri Chris Grayling alijitetea kwamba si yeye anayeendesha reli. Uchunguzi ulioongozwa na Stephen Glaister, mwenyekiti wa mamlaka ya udhibiti, ulikata shauri kwamba hakuna aliyeshika usukani. Machi 2020 serikali iliitwaa huduma ya Northern, na sheria ya mwaka 2024 ikafungua njia ya kuzirudisha kampuni nyingine za abiria mikononi mwa umma.

India, iliyorithi Bunge la namna hiyo, ina mfano wa heshima kuu. Mwaka 1956, baada ya ajali ya treni ya Ariyalur iliyoua watu, Waziri wa Reli Lal Bahadur Shastri alijiuzulu ingawa si yeye aliyekuwa akiendesha treni ile. Heshima hiyo namvulia kofia. Lakini waziri hujiuzulu kwa ajili ya vifo, na treni za mikoani kwa kawaida hufa kwa kucheleweshwa na kufutwa kidogo kidogo, bila siku moja ya msiba ambayo kiongozi angesimama na kusema amekosa. Kwa ugonjwa wa namna hii inahitajika dawa ya kila siku.

Mkataba na kura

Dawa hiyo Waswisi wanayo, na wameijenga polepole. Mwaka 1973 wapiga kura wa jimbo la Zürich walikataa mpango mkubwa wa treni za chini ya ardhi na za vitongoji. Viongozi walirudi na mpango mwingine, na Novemba 1981 wananchi wakaidhinisha faranga milioni 520. Treni za vitongoji zilianza Mei 1990. Desemba 1987 taifa zima lilipiga kura kuukubali mpango wa treni kukutana katika stesheni kubwa kwa wakati mmoja, ili abiria abadilishe bila kungoja. Februari 2014 asilimia 62 walikubali kuanzishwa kwa mfuko wa kudumu wa miundombinu ya reli.

Kura hizo ndizo zinazosifiwa, lakini mimi navutiwa zaidi na utaratibu wa kawaida ulio chini yake. Huduma ya mkoani huagizwa kwa pamoja na serikali ya shirikisho na jimbo. Kampuni ya reli huleta mapendekezo yake: treni kadhaa kwa siku, saa fulani, gharama kiasi hiki, nauli itarudisha kiasi hiki, pengo ni hili. Wakikubaliana, pengo hulilipa wao, kwa wastani wa nchi nzima karibu nusu kwa nusu. Rasimu ya ratiba hutangazwa kila mwaka, na abiria hupeleka maoni yake kwa jimbo lake kabla haijapitishwa. Mwalimu wa kijijini akiona treni yake ya asubuhi imeondolewa, anaujua mlango wa kubisha, na aliye nyuma ya mlango huo ametia saini na ametoa fedha.

Mwenendo huu una gharama. Ni wa polepole. Kura ya 1973 iliichelewesha Zürich miaka mingi. Pia unahitaji serikali za mikoa zenye mapato yao. Ujerumani ilitatua sehemu ya tatizo hilo mwaka 1996, ilipoyapa majimbo kazi ya kuagiza treni za mikoani na papo hapo ikayatengea fungu kutoka kodi za shirikisho. Kazi na fedha vilihama pamoja.

Baraza bila mfuko

Japani inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Shirika la reli la taifa lilivunjwa tarehe 1 Aprili 1987 likiwa na deni la takriban yen trilioni 37. Kabla ya hapo njia 83 za mikoani zilikwisha kuorodheshwa kwamba haziwezi kuendelea. Kwa kila njia liliundwa baraza la majadiliano lenye ukomo wa miaka 2. Hatima yake, njia 45 ziligeuzwa kuwa za mabasi na 38 zikabaki reli, nyingi zikiwa chini ya kampuni za ubia kati ya mikoa, miji na wafanyabiashara.

Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa Reli ya Sanriku, katika mkoa wa Iwate, mwaka 1984. Tsunami ilipopiga tarehe 11 Machi 2011, kampuni hii ndogo ilirudisha treni kwenye kipande cha njia yake siku 5 baadaye, na ikabeba watu bure. Njia jirani za kampuni kubwa zilichukua miaka, na baadhi ziligeuzwa kuwa barabara za mabasi. Uharibifu haukuwa sawa kila mahali, hilo ni lazima lisemwe. Hata hivyo, wenye hisa wa Sanriku walikuwa mkoa na miji ileile iliyokuwa ikizika wafu wake. Hawakuhitaji kuelezwa na mtu wa Tokyo kwa nini treni irudi.

Upande wa pili ni Yubari, mji wa Hokkaido uliofilisika na kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali mwaka 2007. Mwaka 2016 meya wake mwenyewe alipendekeza njia ya mji huo ifungwe, ili walau apate msaada wa mabasi. Treni ya mwisho ilipita tarehe 31 Machi 2019. Kwenye karatasi, wenyeji waliamua. Kwa kweli walipewa kiti cha mezani wakati mfuko wao ulikwisha toboka. Serikali inayomshushia mwananchi lawama bila kumshushia fedha haijamshirikisha, imemtwika.

Agizo, kisha mkaguzi

Sasa tujitazame wenyewe. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilipata treni za mjini, moja kutoka Stesheni hadi Ubungo, nyingine kutoka TAZARA hadi Mwakanga. Watu waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, na shukrani hiyo alistahili kwa kuthubutu. Lakini jina hilo linaonyesha mahali huduma ilipofungwa: kwenye nia ya mtu. Waziri akihamishwa, diwani wa Ubungo hana mkataba wa kuonyesha wala fungu la bajeti linalomruhusu kuuliza.

Kenya imeliandika pengo hili ndani ya Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya taifa reli, na kaunti usafiri wa umma wa barabarani. Matatu ikimwacha mkazi wa Nairobi, ana gavana wa kumlalamikia. Treni ya kitongoji cha Syokimau ikimwacha, lazima avuke hadi wizarani. Ukodishaji nao haukusaidia. RITES ya India iliingia Tanzania mwaka 2007 na serikali ikairudisha reli mikononi mwake 2011. Rift Valley Railways ilianza Kenya na Uganda mwaka 2006, ikaondolewa 2017. Katika mikataba yote hiyo abiria hakuwa upande wa mkataba.

Tunacho kitu cha kujivunia pia. Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali husomwa na kujadiliwa hadi vijiweni. Kenya, wananchi na Chama cha Wanasheria waliipeleka mahakamani zabuni ya reli ya kisasa, na Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Shirika la Reli lilikiuka sheria ya manunuzi. Mvutano ukaendelea hadi Mahakama ya Juu. Ila hukumu hiyo ya 2020 ilikuta treni zimekimbia miaka 3 tayari. Mkaguzi na hakimu hufika baada ya fedha kutumika, na wala hawaulizi kama treni ya saa 12 asubuhi ilifika.

Kuna mbegu za kuanzia. Tanzania ina LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ambayo hukusanya maoni ya wadau kuhusu nauli, na ina baraza la kuwatetea watumiaji. Maoni hayo yapanuliwe yaguse ratiba: treni ngapi, saa ngapi, zisimame wapi. Shirika la Reli lichapishe kila robo mwaka, kwa kila njia, treni zilizoahidiwa na zilizofika, kwa kuwa ahadi ni deni na deni lisiloandikwa halidaiwi. Kenya inaweza kutumia ibara ya 187 ya Katiba, inayoruhusu jukumu kuhamishwa kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine na kutaka rasilimali zifuate jukumu. Treni za Nairobi na vitongoji vyake zinafaa kuwa jaribio la kwanza. Halmashauri na kaunti ziweke fungu dogo katika huduma inayopita kwao, hazina kuu iongeze kubwa, na wote watie saini mkataba mmoja unaobandikwa stesheni.

Watakaosema sisi ni maskini mno kwa utaratibu huu wautazame ule tulionao. Tumekodisha reli na kuzirudisha, tumenunua vichwa na mabehewa, tumekopa na tunalipa, na bado abiria wa treni ya vitongoji hajui amuulize nani. Mkataba wa kurasa chache, wenye ratiba, bei na saini ya kiongozi aliyechaguliwa na watu wa njia hiyo, ni rahisi kuliko behewa moja. Uanze kudaiwa kabla njia nyingine haijazinduliwa, na anayekuja kuomba kura kando ya reli aulizwe kama yuko tayari kuutia saini.