Mizani za Kariakoo: Kutoka Pishi Hadi Kihisi

Mizani ya kielektroniki iliyo mbele ya muuza mchele au muuza dagaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, hufanya kazi kwa kihisi, yaani kifaa kinachogeuza hali fulani ya kimaumbile, kama joto, mwanga, mwendo au uzito, kuwa badiliko dogo la umeme linaloweza kusomwa kwa namba. Vihisi vimeenea katika mitaa hiyo. Simu moja tu ya kisasa dukani ina cha mwanga, cha mwendo, cha kugusa na mara nyingi cha alama za vidole. Lakini kinachoingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mnunuzi, asubuhi hadi jioni, ni kile cha uzito, nacho kimefika mwisho wa safari ndefu ya vipimo katika pwani hii.

Pwani ilipima chakula kwa ujazo kabla ya kukipima kwa uzito. Nafaka iliuzwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Bidhaa za biashara kubwa, kama pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, zilikwenda kwa frasila, yaani ratili zipatazo 35, karibu kilo 16. Masonara walihesabu dhahabu na fedha kwa tola ya gramu 11.66. Pishi haijafa hata leo: kila mwisho wa Ramadhani Waislamu wa Dar es Salaam hutoa zakatul-fitri ya pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, ingawa wengi huikadiria kwa kilo mbili na nusu hivi.

Ubora wa pishi ulikuwa katika uwazi wake. Muuzaji na mnunuzi walitazama chombo kimoja, na bishano lilihusu jambo moja tu linaloonekana: je, ni kipimo cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, au ni cha tele, chenye kichuguu juu? Aliyetaka kudhulumu alilazimika kudhulumu mbele ya macho ya watu.

Jina la soko lenyewe lilizaliwa vitani. Wajerumani walikuwa wamesimamisha jengo la soko mahali hapo kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, jeshi lao liliwaweka hapo wapagazi wa Carrier Corps, na jina la kikosi hicho likabaki kwa mtaa mzima. Jengo lilitumika kama soko katika miaka ya 1920. Utawala wa Uingereza ulileta ratili na wakia za kwao, na biashara ya mafuta ya taa ikaleta debe. Bati hilo la galoni nne, likishamaliza mafuta, liligeuzwa kipimo cha mahindi na maharage. Baada ya uhuru Tanzania ilihamia kwenye kilo na lita. Kwa hiyo jengo jipya la zege lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, lilianza maisha yake likiwa la kilo, ingawa katika biashara ya jumla kule shimoni, chini ya jengo, gunia liliendelea kutawala.

Mizani za kilo zilizotumika kwa miongo mingi zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni ya mezani yenye sahani mbili juu, ambayo mpango wake wa mitaimbo ulibuniwa na Mfaransa Gilles de Roberval mwaka 1669. Upande mmoja bidhaa, upande mwingine mawe ya chuma. Sahani zikilingana, kazi imekwisha. Ya pili ni ya springi, ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa. Hiyo inategemea kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678, kwamba springi hurefuka kulingana na mzigo. Jiwe la mizani lingeweza kutobolewa chini na springi ingeweza kuchoka. Hata hivyo mteja aliyekuwa na mashaka aliweza kuomba jiwe alishike, au kutazama kama mshale umesimama sifurini kabla nyama haijawekwa.

Mizani ya kielektroniki imeupunguza uwezo huo, na ndiyo maana inafaa kufunuliwa. Chini ya sahani yake kuna kipande cha alumini chenye ukubwa wa kidole, kimebanwa upande mmoja kwenye kitako na upande wa pili kwenye sahani, kimetobolewa katikati ili kipinde kidogo. Juu na chini ya tundu hilo vimegandishwa kwa gundi vipande vinne vya utando mwembamba wa chuma, uliochorwa kama waya unaokwenda na kurudi. Kilo ya mchele ikitua, alumini hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Utando ulionyooshwa huwa mrefu na mwembamba zaidi, ukinzani wake wa umeme ukapanda. Uliobanwa hufupika, ukinzani ukashuka. William Thomson alikwisha kuliona jambo hilo kwenye nyaya mwaka 1856, lakini kihisi chenyewe kilipatikana Marekani mwaka 1938. Edward Simmons alikibuni California, na Arthur Ruge akakibuni Massachusetts bila kujua kazi ya mwenzake, akiwa anachunguza namna matangi ya maji yanavyotikiswa na tetemeko.

Vipande vinne huunganishwa katika mzunguko uitwao daraja la Wheatstone. Joto la Dar es Salaam hupandisha ukinzani wa vyote kwa pamoja, hivyo athari yake hujifuta yenyewe kwa sehemu kubwa, na kinachobaki ni tofauti iliyoletwa na mzigo. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Mizani ya kilo 30 inayolishwa volti 5 hutoa milivolti kama 10 tu ikijaa, kwa hiyo gramu 10 za dagaa ni kama mikrovolti 3. Sakiti hulikuza badiliko hilo, huligeuza kuwa namba, kisha huzidisha kwa bei.

Lipo jambo moja ambalo mizani ya mawe haikuwa nalo. Kihisi hakipimi wingi wa kitu, hupima nguvu ambayo ardhi inakivuta, na nguvu hiyo si sawa kila mahali. Dar es Salaam, karibu na ikweta, uvutano ni pungufu kwa karibu asilimia 0.3 kuliko London. Mizani iliyosawazishwa kule, ikiletwa hapa bila kurekebishwa, itaonyesha kilo 10 kuwa kilo 9.97. Mawe ya sahani mbili hayana tatizo hilo, kwa kuwa pande zote mbili huvutwa sawasawa.

Kwa sababu hiyo mizani hupaswa kusawazishwa mahali inapotumika, na kazi ya kuihakiki iko kwa Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002 na unaosimamia Sheria ya Vipimo. Ofisa huweka mawe sanifu juu ya sahani, hulinganisha namba, kisha hufunga mizani kwa lakiri na kubandika stika. Uhakiki hurudiwa kila mwaka. Stika hiyo sasa imechukua nafasi ya jicho la mnunuzi, na kuikagua kabla ya kulipa ni haki ambayo wateja wachache mno huitumia.

Kihisi cha namna hiyohiyo, kikiwa kikubwa na cha chuma cha pua, hubeba malori kwenye mizani za barabarani kama Vigwaza, njia ya Morogoro, ambako mzigo mwingi wa soko hupita. Huko sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake. Lori hupimwa kwa usahihi, lakini gunia lililo ndani yake mara nyingi halipimwi. Sheria ya Vipimo inataka mazao yafungashwe yasizidi kilo 100, ilhali lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba cha kamba juu, hupita kiasi hicho huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Nyanya bado huuzwa kwa fungu, na maharage kwa sado, ndoo ndogo ya plastiki ambayo baadhi ya wauzaji huinamisha au kuibonyeza kitako. Biashara hiyo ya ujazo bado haijaguswa na kihisi chochote.