Kuchemsha na Kupasha

Kule Kenyatta Market, Nairobi, msusi akimaliza kusuka hutumbukiza ncha za nywele katika maji yaliyochemka ili zisifumuke. Hapo kuchemsha ni kuchemsha kweli. Yasipotokota, nywele za dukani hazitulii. Ila kwenye nyumba za mtaa jirani wa Golf Course, tunasema vivyo hivyo kuhusu maji ya kuoga, na mtu huenda dukani kutafuta hita akiwa tayari amepotoshwa na kitenzi.

Maji ya kuoga hupashwa. Nyuzi 38 zinatosha. Tangi la lita 50 hupasha na kuweka: kulipandisha kutoka nyuzi 18 hadi 60 hula karibu yuniti mbili na nusu za stima, na asipooga mtu joto hupotea polepole, stima ikaingia tena kulirudisha. Shawa ya instanti haiweki chochote. Maji yakipita, msukumo wake huwasha koili. Ukifunga, stima inakatika.

Wapo wanaoiita “hita isiyo na tangi”. Jina hilo silipendi, maana linataja kisichokuwepo. “Kipasha papo hapo” ndilo jina langu, kwa sababu linabeba sifa na deni kwa pamoja. Usipoweka joto akiba, sharti ulidai lote dakika ile ile unayooga. Shawa ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampea 23, na kwa nguvu zote hizo inaweza kupandisha nyuzi 20 lita nne tu za maji kwa dakika. Ukifungulia zaidi, yanapoa. Dakika kumi hazimalizi yuniti moja ya tokeni, lakini waya mwembamba wa taa hauwezi mzigo huo: unapata moto ukutani, usikoonekana. Shawa inataka waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, na waya wa ardhini usiokosekana kamwe.

Fundi mzuri huuliza kwanza: maji yenu ni ya kanjo au ya kisima? Ya kisima huweza kuwa ya chumvi, na maji ya chumvi hula koili iliyo wazi, tena hupitisha stima kwa urahisi zaidi, ndiyo maana zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji hayo, koili ikiwa imefunikwa.

Kwa nyumba ambamo kila mmoja huoga kwa saa yake, mimi nachagua papo hapo. Ila pesa za kwanza ziende kwenye waya.